TAHADHARI: Anayeuza sarafu ya dhahabu ya 1974 yenye picha ya duma

Wakuu, nimeshapigwa tayari, kwa hiyo atakayekuja kunihubiria ajue kachelewa. Naandika kwa sababu jamaa bado yuko kazini.

Nilimpata kwenye kundi la WhatsApp la wapenda sarafu za zamani. Kwanza aliniuzia ile ya shilingi 25 ya mwaka 1974, Nyerere upande mmoja, twiga upande wa pili. Akaniambia ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Ilipofika nikaigonga mezani, ikalia vizuri, nikaridhika. Na kweli ilikuwa halali! Ila nilikuwa sijui kwamba twiga huyo alitolewa kwa namna mbili: lile toleo la wakusanyaji, lenye uso unaong'aa kama kioo, lina gramu 28.28 na ndilo la 925. La kawaida lina gramu 25 na pointi tu, na nusu yake si fedha. Hesabu ya haraka: moja ina fedha halisi gramu 26, nyingine haifiki hata 13. Upana ni uleule, picha ni ileile. Nililipia ya kwanza, nikaletewa ya pili, na nikamshukuru juu.

Ndiyo ikawa chambo. Wiki mbili baadaye akaja na duma.

Kwa wasioijua, duma ni sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500, yenye thamani kubwa kuliko wenzake kati ya wale watatu wa 1974: twiga, kifaru na duma. Zilitengenezwa Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, kwa ajili ya kuchangia uhifadhi wa wanyamapori. Duma halisi ana gramu 33.437, na dhahabu yake ni asilimia 90, maana yake gramu 30 za dhahabu tupu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, utaona ni mamilioni. Yeye alitaka 1,900,000. Ni urithi wa mzee aliyekuwa serikalini, mwenye mali ana mgonjwa, kuna Mhindi anaitaka kesho asubuhi. Hadithi mnazijua, na mimi nilizijua, lakini tamaa ilinikaa.

Aliniambia tena na tena kwamba ni "karati 24 safi". Hapo tu nilipaswa kufunga simu. Karati 24 ni dhahabu tupu; asilimia 90 ni karati 21.6. Duma wa karati 24 hakuwahi kutengenezwa. Nikaomba picha ya mzani, akaituma: 33.4. Nilikuwa nimeshatuma hela nilipoitazama vizuri, nikaona sarafu imepimwa ikiwa ndani ya kasha lake, na chini ya kasha kuna kitu cheusi kimejificha. Na cheti kilikuwepo, kizuri, kina mhuri. Cheti mtu anachapisha popote, mwenyewe naweza kukuchapishia kumi kabla ya saa sita.

Nikaipeleka kwa sonara mtaa wa Indira Gandhi. Mzee hakuikwaruza wala kuitia tindikali. Aliitoa kwenye kasha, akaiweka kwenye mzani: gramu 16.4. Akaniangalia. Kisha akaweka glasi ya maji juu ya mzani, akarudisha namba kwenye sifuri, akaifunga sarafu uzi na kuizamisha bila kugusa chini. Mzani ukasoma 1.9. "Gawanya," akasema. 16.4 kwa 1.9 ni 8 na nusu hivi. Dhahabu ya namna ile ingetoa 17 na kitu, fedha ya 925 ingetoa 10 na kitu. Hii ni shaba nyeupe au shaba ya njano iliyopakwa, basi. Sumaku haikuivuta kabisa, kwa hiyo wale mnaopima kwa sumaku peke yake, shaba haivutwi, na fedha haivutwi, na dhahabu haivutwi. Sumaku inakamata chuma na metali chache kama nikeli.

Mzani mdogo wa gramu hauna bei ya kutisha, na nyumbani kila mtu ana glasi na uzi. Mimi nimenunua wangu sasa, baada ya 1,900,000.

Mtandao wa simu niliwapigia siku ileile, hela ilikuwa imeshatolewa. Polisi nimeripoti na meseji zote za muamala nimezihifadhi. Aliyepigwa na huyu naye asifute zake.

Jana kaibuka kwenye kundi lingine kwa jina jipya. Safari hii ni kifaru, shilingi 50, "fedha safi 999". Kifaru wa 999 hayupo: kuna wa 925 wa gramu 35, na kuna wa nusu kwa nusu mwepesi zaidi. Nimemtambua kwa kitambaa cha meza kwenye picha, cheupe chenye maua ya bluu na doa la chai pembeni. Ukimwona, mwombe video akiitoa kwenye kasha na kuiweka mzanini ikiwa peke yake. Mimi nilimwomba kwa namba ya shemeji yangu. Akanibloku.