Chai iliingia kwenye kibodi, fundi wa William Street kaiokoa

Jamani, juzi nilikuwa nakula rolex yangu (chapati iliyoviringishwa na mayai) huku namalizia ripoti, kiwiko kikapiga kikombe, chai ya maziwa yote ikamwagikia kibodi ya laptopu. Nikazima hapo hapo, nikachomoa chaja, nikaisimamisha kichwa chini kama hema, halafu jirani akaniambia niifukie kwenye mchele eti unafyonza, nikakubali siku nzima, ujinga mtupu, kwani shida si maji, ni sukari na maziwa, vikikauka vinanata kama gundi.

Kesho yake nikapanda boda mpaka kwa fundi mmoja ana kameza kadogo pale William Street, Kampala. Akabonyeza vitufe akacheka, "Bosi, hii chai mliweka sukari kilo ngapi?" Akang'oa vitufe kimoja kimoja taratibu, chini ya kitufe cha spesi kulikuwa na utando wa kahawia umeshika mpaka kipande cha yai, niliona aibu. Akasugua kwa mswaki na ile alkoholi ya asilimia 99 inayokauka haraka. Nikauliza mbona hatumii drai ya nywele, akasema moto ule unakunja plastiki.

Masaa mawili hivi, shilingi 35,000, kwangu bei ya haki maana kibodi mpya ingenitoa jasho. Ila hana hata kigoda cha mteja, nilisimama muda wote juani, na risiti mpaka uombe mara mbili. Herufi N bado nzito kidogo asubuhi, zingine ziko poa.