Maonyesho ya kaunti na rodeo Marekani: anzia mabandani, malizia uwanjani

Julai na Agosti, Nairobi ikiwa chini ya mawingu na watu wamejifunga sweta, wazazi wengi wa hapa huwa Marekani wamewatembelea watoto na wajukuu. Wenyeji wao huwazungusha madukani na kwenye sanamu za mjini. Aliyewahi kufuga, awe wa Kiambu, Kajiado au Uasin Gishu, aombe apelekwe kwingine: maonyesho ya kaunti mashambani, pamoja na rodeo ya jioni, yaani mashindano ya kupanda farasi wakorofi na mafahali na kunasa mifugo kwa kamba. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Mabanda ya mifugo yanastahili alama zote. Rodeo inastahili pesa yake ukishajua kanuni. Pembea za umeme na michezo ya kurusha pete upate mwanasesere, zipite tu.

Usitarajie ukubwa wa Jamhuri Park, uwanja wa maonyesho ya kilimo Nairobi. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na nyingi zina maonyesho yake ya siku chache, mengine katika mji wenye barabara moja na petroli stesheni moja. Malipo yako mafungu matatu, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Langoni unalipa kidogo, mahali pengine hulipi kitu. Pembea zina tiketi zake au bangili ya siku nzima. Rodeo ina tiketi ya jukwaa, na hiyo ndiyo ghali. Tiketi ya lango haikuingizi kwenye rodeo, wala bangili ya pembea haina kazi huko. Nunua ya rodeo mapema, kisha angalia ratiba ya mifugo ya siku hiyo hiyo, kwa sababu nguruwe, kondoo, mbuzi na ng'ombe kila mmoja ana siku yake. Siku bora ni ile ambayo ng'ombe wanahukumiwa asubuhi na rodeo inafuata jioni.

Fika saa mbili au saa tatu asubuhi. Wakati huo watoto wanaosha mifugo, wanaikausha kwa mashine ya upepo na kuichana manyoya. Wengi ni wa 4-H, vuguvugu la vijana lililoanzia kaunti ya Clark, Ohio, mwaka 1902, na ndilo lililotupa mfano wa vilabu vyetu vya ukulima vya wanafunzi, 4K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mtoto wa miaka tisa au kumi anashika kamba ya maksai wa kilo 550 hadi 640 ambaye amemlisha tangu msimu wa baridi, huku ameandika kwenye daftari gharama ya kila gunia la chakula.

Ndani ya ulingo kuna mashindano ya aina mbili, na ukiyachanganya hutaelewa kwa nini ng'ombe mzuri ameshindwa. La kwanza ni la mnyama mwenyewe: nyama ya mgongo na mapaja, unene wa mafuta, jinsi anavyotembea. La pili ni la mtoto. Hapo mwamuzi hamjali sana mnyama. Anatazama mikono na macho ya anayemwonyesha. Simama karibu na uzio uone kazi ya fimbo. Ni fimbo ndefu yenye ncha iliyopinda, na mtoto huitumia kuusogeza mguu wa nyuma hatua moja, kisha wa pili, mpaka miguu yote minne imesimama sawa na mgongo umenyooka. Halafu anamkuna tumboni kwa ncha ile ile ili atulie. Yote hayo anayafanya bila kumwondolea mwamuzi macho. Mwamuzi akifika anauliza: ana uzito gani? Anaongeza kiasi gani kwa siku? Chakula chake kina protini asilimia ngapi? Nyama ya bei ghali iko sehemu gani ya mwili? Mwishoni anashika maikrofoni na kueleza mbele ya watu kwa nini amempanga huyu wa kwanza na yule wa tatu. Maelezo hayo ni darasa la bure. Tungependa sana kuona watoto wa 4K wakihojiwa hivyo mbele ya wazazi wao pale Jamhuri.

Nguruwe ni kituko kingine. Hafungwi kamba; mtoto humwongoza kwa kijiti chepesi, akimgusa shavuni ageuke au ubavuni aende, na nguruwe wawili wakigombana watu wazima huingia na mbao kuwatenganisha. Wa kuchinjwa huwa na kilo 110 hadi 130. Kondoo huongozwa kwa mkono chini ya kidevu.

Utepe wa buluu ni wa kwanza, mwekundu wa pili, na zambarau ni wa mabingwa. Lakini katika mashindano mengi ya 4-H utepe wa buluu hupewa kila aliyefikia kiwango, kwa hiyo usishangae kuona mistari mizima ya buluu juu ya zizi. Karibu na siku ya mwisho kuna mnada. Benki ya mji, muuza matrekta na wenye maduka hununua kwa bei iliyo juu ya soko ili kumsaidia mtoto, naye mnyama huenda kuchinjwa. Utaona watoto wakilia wakimkumbatia maksai shingoni. Hilo ni sehemu ya mafunzo yenyewe, na wazazi wao hawalifichi.

Sasa jambo la afya, ambalo halitamkwi vya kutosha. Marekani haijapata mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo tangu 1929, kwetu upo. Kwenye uwanja wa ndege wa huko utaulizwa kama umekuwa shambani au karibu na mifugo. Sema ukweli, na viatu vya shambani viache nyumbani au uvisugue mpaka udongo wote utoke. Aliyetoka kukamua ng'ombe wake juzi akae mbali na mabanda kwa siku tano tangu afike. Ndio ushauri unaotolewa huko. Upande wa pili ni afya yako mwenyewe. Mwaka 2012 watu zaidi ya 300 Marekani waliambukizwa homa ya mafua inayotoka kwa nguruwe, wengi wao kwenye maonyesho kama haya na wengi wakiwa watoto. Usiingie banda la nguruwe na chakula, kinywaji wala chupa ya mtoto mchanga, na nawa kwa sabuni ukitoka. Dawa ya mikono pekee haitoshi mikono ikiwa na kinyesi.

Chakula ni kaanga juu ya kaanga. Soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa kwenye rojo la unga wa mahindi na kuzamishwa kwenye mafuta, ni tamu ikiwa imetoka sasa hivi. Iliyokaa chini ya taa huwa na ganda gumu na mafuta baridi. Kuna rojo linalomiminwa kwa faneli likizungushwa kwenye mafuta hadi liwe kama kiota, kisha likanyunyiziwa sukari laini: moja linatosha watu watatu. Kwa mlo kamili, tafuta banda la kanisa au la wafugaji wa kaunti. Nyama yao huwa bora na bei ni ya haki. Mahindi ya kuchoma yapo, lakini ni yale matamu laini yaliyopakwa siagi. Anayependa ya Ngong Road yenye ndimu na pilipili hatayatambua.

Jua ni adui halisi. Katika majimbo kama Kansas na Oklahoma alasiri ya Julai hupita nyuzi 35, na mwili uliozoea Nairobi hauko tayari. Beba maji, kofia pana na viatu vilivyofunika vidole. Kumbuka pia kwamba jua la kiangazi huko halizami saa kumi na mbili na nusu. Katika majimbo ya kaskazini linakaribia saa tatu usiku likiwa bado juu, na rodeo huanza saa moja au saa moja na nusu jioni. Ukikaa jukwaa linalotazama magharibi utamaliza saa nzima umekinga macho kwa kiganja. Chagua jukwaa lililo upande wa magharibi ili jua likae mgongoni. Safu za mbele kabisa zinakula vumbi na kuzibwa na vyuma vya uzio. Theluthi ya kwanza kwenda juu ndipo pazuri, karibu na vizimba vinavyofunguliwa kuwatoa mafahali.

Wimbo wa taifa ukianza simama na uvue kofia. Kisha ujue hesabu. Katika michezo ya kupanda farasi wakorofi na mafahali, mpandaji anatakiwa kukaa sekunde 8 akishika kwa mkono mmoja. Ule ulio huru ukigusa mnyama, amekosa. Waamuzi hugawa alama 100, nusu kwa mpandaji na nusu kwa mnyama. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza sekunde zote akapata alama za kawaida: mnyama wake alirukaruka kivivu, na hapo anaweza kupewa nafasi ya kurudia. Alama 80 na kitu ni kazi nzuri, 90 ni nadra. Kwa farasi kuna mtego ambao watazamaji wengi hawauoni: katika mruko wa kwanza, visigino vya mpandaji lazima viwe juu ya mabega ya farasi miguu ya mbele ya farasi inapogusa chini. Vikichelewa, hakuna alama, hata akikaa vizuri namna gani.

Kwa fahali wa kilo 680 hadi 900, tazama mkono. Kamba haifungwi fundo. Inazungushwa kifuani mwa fahali, inabanwa ndani ya kiganja, na kengele iliyo chini huivuta idondoke mpandaji akiachia. Hatari kubwa ni kuanguka upande ulio kinyume na mkono ulioshika: kiganja hujipinda, kinanasa, na mtu anaburutwa. Wale waliovaa nguo za rangi hawako pale kuchekesha tu. Kazi yao ni kumvuta fahali kwao na kuunasua mkono. Mpanda mafahali maarufu Lane Frost alikufa Cheyenne, Wyoming, tarehe 30 Julai 1989, baada ya kushuka na kupigwa na fahali mgongoni, na tangu hapo fulana za kinga zikaenea miongoni mwa wapandaji.

Michezo ya muda ni mingine. Wanawake huzunguka mapipa matatu kwa farasi, na pipa likianguka wanaongezewa sekunde 5. Wawili wakimnasa maksai, mmoja pembe na mwingine miguu ya nyuma, mguu mmoja tu ukinaswa ni sekunde 5 pia. Kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa pembe ni mchezo unaohesabiwa kuwa ulianzishwa na Bill Pickett, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Mtu wa kwetu amtazame mchezaji huyo akijua hilo. Wa kumnasa ndama shingoni na kumfunga miguu mitatu ndio mgumu kuutazama kwa mfugaji. Ndama hutakiwa kukaa amefungwa sekunde 6, na zipo kanuni za kumwadhibu anayemvuta hadi akapinduka, lakini kishindo cha kamba hakifutiki. Asiyetaka kukiona aende kununua maji wakati huo.

Mvua haisimamishi rodeo, radi ndiyo huisimamisha, na tiketi nyingi hazirudishwi pesa. Mafahali huachwa mwisho kabisa. Wanaokimbilia magari mapema kukwepa foleni huwakosa. Egesho ni uwanja wa nyasi usio na taa, kwa hiyo piga picha ya mlingoti au mti ulio karibu na gari asubuhi ukifika, na umwambie aliyekuendesha aelekeze pua ya gari barabarani kabla hamjashuka.