Mafundi mota wa Gerezani: wanapima kwanza, hawakimbilii kukuuzia amecha

Wadau mnaouliza wapi pa kupeleka grainda, drili au blenda iliyokufa, mi napeleka kwa mafundi mota pale Gerezani, Kariakoo, na nimeamua niandike kwa urefu kidogo maana watu wanaliwa hela sana kwenye hizi mota za kaboni, yaani zile zenye vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye amecha, ile sehemu ya ndani yenye koili inayozunguka.

Yangu ni grainda ndogo ya inchi 4 na nusu, ya kukatia nondo na kusafishia maungio ya kuchomelea. Ilianza kukosa nguvu, ukiikandamiza kwenye chuma inafifia, alafu cheche zinaonekana kabisa kwenye matundu ya nyuma, mwisho ikawa haiwaki mpaka uipige kofi. Fundi wa mtaani (simtaji) akaifungua, akaona komyuteta (ile pete ya vipande vya shaba kwenye amecha inayoguswa na kaboni) imekuwa nyeusi, akasema amecha imekufa ninunue nyingine, na hela aliyotaja ilikuwa karibu nusu ya mashine mpya. Mita ya kupimia umeme hakushika kabisa! Kaangalia rangi tu akatoa hukumu.

Gerezani ikawa tofauti. Kijana aliyenihudumia kwanza aliweka mita kwenye pini za plagi huku amebonyeza swichi, akawa anaukunja waya pale unapoingilia kwenye mashine maana ndo huwa unakatikia ndani kwa ndani. Waya mzima, swichi nzima, ila usomaji unakuja na kupotea akizungusha amecha kwa mkono. Akafungua vifuniko vya kaboni, moja ikatoka vizuri, ya pili ikagoma, imeng'ang'ania kwenye nyumba yake kwa vumbi la simenti na chuma. Alipoitoa kwa koleo ilikuwa fupi, imebaki kama milimita 4, pembe imemeguka na springi yake imelegea kwa joto. Akaniambia "kaka, kaboni ikiwa haigusi sawasawa lazima irushe cheche, na cheche ndo zimeunguza hii komyuteta, amecha tusiihukumu bado."

Alafu akaipima sasa. Anagusa vipande vya shaba viwili vilivyopakana, anasogea kimoja, anagusa tena, hivyohivyo mpaka anamaliza mzunguko, na namba zikawa zinafanana kote. Hapo ndo siri ilipo jamani: pakitokea sehemu namba inaruka juu koili imekatika, ikishuka sana kuliko wenzake kuna shoti. Akamalizia kwa kupima kila kipande na shafti, mita isisome kitu, maana ikisoma umeme unavuja kwenye chuma na hiyo mashine inaweza kukurusha. Amecha ikawa nzima kabisa.

Kazi aliyofanya: akaipitisha amecha kwenye lezi (mashine ya kuchongea chuma) kidogo sana kuondoa weusi na mabonde, akachokoa maika, kile kizuia umeme kilicho kati ya vipande vya shaba, kwa kipande cha msumeno wa chuma ili ikae chini ya shaba, akapuliza vumbi, akaweka kaboni mpya zote mbili na springi zake. Kaboni usibadilishe moja, na mpya lazima zikae kwanza, yeye aliizungusha bila mzigo kwa muda mpaka cheche zikapungua zikabaki zile ndogo za bluu ambazo ni kawaida. Ukiona moto unazunguka komyuteta yote kama pete, zima hapohapo, mara nyingi hapo amecha ndo yenye shida kweli.

Nililipa elfu 25 na nikaona ni haki kabisa.

Yasiyonifurahisha nayo nayasema. Risiti hamna. Mashine za watu zinakaa wazi chini kwenye vumbi la chuma, beringi mpya inaingia uchafu kabla haijafanya kazi, hilo warekebishe kwakweli. Na wakikosa kaboni ya saizi yako wanasugua kubwa mpaka iingie. Inafanya kazi, ila mi siipendi, kwasababu kaboni ngumu kuliko inayotakiwa inakula shaba ya komyuteta, na kaboni bei yake ndogo wakati komyuteta ikiisha umepoteza amecha. Ukienda beba zile za zamani au namba yake, mfano Makita wanaandika namba inayoanza na CB juu ya kaboni yenyewe, duka lolote la spea watakuelewa.

Kitu kingine walichonieleza ambacho kimenisaidia saiti ni kuhusu ekstensheni. Tulikuwa tunavuta waya mwembamba mrefu kutoka nyumba ya jirani, umeme unafika mdogo, mota inakosa nguvu na inachemka hadi unasikia harufu ya vanishi ya koili. Sasa hivi tumenunua waya mnene na grainda haichemki tena kama mwanzo.

Feni ya dari msiwapelekee mkitaka kaboni, za kawaida hazina kaboni kabisa, ikisuasua mara nyingi ni kapasita au beringi. Drili, grainda, blenda, cherehani ya umeme na stata ya gari, hizo ndo zao. Nendeni asubuhi, mchana foleni inakuwa kubwa na wanaanza kufanya kwa haraka, na simama hapohapo uone anavyopima.