Konrodi za zamani ndani ya 1NZ-FE: uzoefu wangu baada ya ovaholi

Toyota Probox yangu yenye injini aina ya 1NZ-FE ilipoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu kila asubuhi, nilikubali kwamba ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, haikwepeki. Nilinunua ringi, gasketi na beringi mpya, lakini konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu unaozunguka), nilirudisha zilezile za kiwandani, ingawa muuzaji wa spea alinisihi nichukue seti nzima, na mpaka leo naridhika na uamuzi huo.

Konrodi hailemewi na mlipuko wa mafuta tu, bali na kasi pia. Pistoni ikifika juu hulazimika kusimama na kugeuka, nayo konrodi huvutwa kwa nguvu inayoongezeka mara nne pale mizunguko ya injini inapokuwa maradufu. Kwa kuwa sikufunga turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) wala kugusa kikomo cha mizunguko, zangu zilirudi kwenye kazi ileile zilizoundiwa. Kama gari hili lingewahi kuvuta maji ya mafuriko, nisingethubutu, maana maji hayashindiliki ndani ya silinda kama hewa, na konrodi inaweza kupinda bila jicho kugundua.

Hata hivyo, sikurudisha kitu kwa kukisia. Karakana ilizipima kwa kifaa, na zote nne zilikuwa ndani ya kikomo cha Toyota, yaani kupinda kusikozidi milimita 0.05 kwa kila milimita 100. Bolti za konrodi ndizo zilizoniangusha: kipenyo kikishuka chini ya milimita 6.4 hazifai tena, na mbili zilikuwa zimekonda katikati kwa sababu hukazwa hadi zinavutika. Nilibadilisha zote nane, na nasisitiza kwamba hapo si mahali pa kubana matumizi.

Kasoro kubwa ya huduma ilikuwa uzembe wa msaidizi mmoja aliyechanganya vifuniko vya konrodi ya pili na ya tatu, yaani vipande vya chini vinavyofungwa kwa bolti kuizunguka krenki. Kila kifuniko huchongwa pamoja na konrodi yake, hivyo hakiwezi kuazimwa. Tulipokaza, krenki iligoma kuzunguka kwa mkono, na nilifadhaika sana kwa sababu nilikuwa nimeomba mapema kila kimoja kitiwe alama. Tulifungua, tukavirudisha kwenye konrodi zake, tukakagua beringi, kisha nikasimamia mwenyewe ukazaji: nyutoni mita 15 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwanza, nukta ya rangi nyeupe kwenye kichwa cha kila bolti, halafu nyuzi 90 zaidi, yaani robo mzunguko, hadi nukta zote zikaangalia upande mmoja. Krenki ikazunguka laini.

Nimeshatembea kilomita 18,000 tangu siku hiyo, nyingi nikiwa na mzigo. Injini haigongi, iwe baridi au moto, na nilipomwaga oili mara ya mwisho niliichuja kwa kitambaa cheupe bila kuona hata chembe moja ya chuma.