Magome na chungu angavu kwa okidi iliyochoka: uzoefu wangu

Kama okidi yako ya ndani imelegea majani na hujui uanzie wapi, pesa ya mbolea usiitumie kwanza. Nunua mfuko wa magome ya miti ya kupandia okidi na chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Vitu hivyo viwili nimevitumia nyumbani kwangu Arusha kwa zaidi ya mwaka sasa, na ndivyo ninavyovieleza hapa.

Okidi yenyewe ni falenopsi, ile yenye majani mapana mazito na maua ya umbo la kipepeo, ambayo ndiyo imejaa madukani. Niliachiwa na dada mmoja jirani aliyehama. Ilikuwa imeshindiliwa kwenye sfagnamu, ule mmea laini unaonyonya maji kama sponji, halafu ikatumbukizwa ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu hata moja. Majani yalikuwa yamesinyaa na la chini limeshakuwa njano. Ukiona hali hiyo, akili inakwambia mmea una kiu, uongeze maji. Ni kweli una kiu, ila sababu ni kwamba mizizi imeoza, na mzizi uliooza haupandishi maji. Kila kikombe unachoongeza kinaozesha na ile michache iliyosalia.

Falenopsi asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, Ufilipino na Indonesia zikiwemo, na huko haikai udongoni. Hung'ang'ania magome ya miti, mizizi ikiwa nje kwenye hewa. Mizizi hiyo imevikwa ganda jeupe linalofyonza mvua upesi, kisha upepo unalikausha. Okidi zetu nyingi zinazokaa matawini huku Afrika Mashariki zinaishi vivyo hivyo, bila kuunyonya mti. (Za Kitulo, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, msizichukulie mfano. Zile zilizoipatia nyanda hizo jina la Bustani ya Mungu huota ardhini, katikati ya majani ya mbuga.) Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini udongo wa bustani, hata uwe mzuri vipi, unaiua falenopsi.

Sasa magome. Niliyonunua ni ya msindano, yamekatwakatwa vipande vya kama sentimita 1 hadi 2 na kuchanganywa na mkaa kidogo. Nililipa shilingi 15,000 kwa mfuko ambao ulitosha okidi yangu na za mama mkwe, na mengine yakabaki. Vipande ni vigumu, havina utomvu wala harufu ya kuchacha. Kasoro ni vumbi. Chini ya mfuko kulikuwa na unga mwingi, na ukiuacha unaziba nafasi za hewa, yaani kile hasa ulichokilipia. Nililazimika kuyachekecha yote. Pia mfuko haukuwa na neno lolote la maelekezo, wakati magome makavu hayapokei maji: yanateleza tu juu yake na kutokea chini. Yaloweke usiku kucha kabla ya kupandia.

Kabla ya kupanda nilitoa sfagnamu yote, nikaosha mizizi na kubonyeza mmoja mmoja kwa vidole. Mgumu unaachwa, hata kama rangi yake haipendezi. Uliolainika na kubaki ganda tupu lenye uzi ndani unakatwa, kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto. Mdalasini wa unga watu wengi huusifia kwa kukausha vidonda. Weka pale ulipokata tu, maana unakausha hata mzizi mzima. Ukubwa wa chungu upime kwa mizizi iliyobaki, si kwa majani. Chungu kikubwa kwa mizizi michache kinabaki na unyevu katikati, na kuoza kunaanza upya.

Chungu angavu ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Unaona mizizi bila kuisumbua: ikiwa ya kijani, imeshiba, ikigeuka rangi ya fedha, imekauka, mwagilia. Hakuna haja ya kukariri siku za kumwagilia, kwa sababu Arusha ya Aprili na Arusha ya Septemba si moja. Pembeni huota mwani wa kijani, hauna madhara, unaosha unapobadilisha magome.

Niliiweka dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Maji asubuhi, yapite yote na kuchuruzika, na katikati ya majani pasibaki tone, maana moyo wa mmea ukioza hakuna kinachobaki cha kuokoa. Dukani nilishawishiwa chupa ya kunyunyizia ya kuharakisha maua. Sikuinunua, na sikushauri. Mmea usio na mizizi ukilazimishwa kuchanua unatumia akiba yake ya mwisho. Mbolea nilianza baada ya kuona ncha mpya za mizizi, robo tu ya kipimo kilichoandikwa.

Mtu anayesubiri okidi ipone ajue itamchelewesha. Majani ya zamani yaliyokunjamana hayakunyooka kabisa, na huo si ubaya. Angalia mizizi kwanza, kisha jani jipya kutoka katikati. Kwangu jani hilo lilikuja pana na gumu kuliko yote ya chini yake, na siku nilipoliona nilimpigia yule dada simu nikamwambia okidi yake imepona.

Halafu baridi ya Juni na Julai ikafika. Falenopsi ikipata majuma kadhaa ya usiku wa chini ya nyuzi 18 hivi hupata ishara ya kutoa kikonyo cha maua. Mwanzoni utakidhania mzizi. Ncha ya mzizi ni mviringo na inang'aa. Ya kikonyo imebapa kidogo na inaelekea juu. Walio Dar, Tanga au Mombasa watapata majani na mizizi mizuri kwa joto na unyevunyevu wao, ila maua huenda yakawatesa kama hawana chumba chenye kiyoyozi.

Alama zangu: chungu 5 kwa 5, magome 4 kwa 5 kwa sababu ya lile vumbi. Magome huoza, kwa hiyo baada ya miaka 2 hivi utanunua mengine. Nitarudi kwa muuzaji huyohuyo, ila safari hii nitamwomba anifungulie mfuko niingize mkono hadi chini kabla sijalipa.