Chanjo ya ndigana kali: maoni ya mfugaji wa Simanjiro

Nasema wazi: bila chanjo hii ningekuwa nimeshauza ng'ombe. Kwetu Simanjiro ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ilikuwa inafagia ndama kila baada ya mvua, na huwezi kukuza kundi kama ndama hawafiki umri wa kuachishwa ziwa.

Malisho yetu ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hakuna uzio. Ng'ombe wangu, wa jirani, na nyumbu wanaotoka Tarangire kuja kuzaa huku wakati wa mvua, wote wanakanyaga nyasi zilezile. Hiyo ndiyo nguvu yetu: mvua ikinyesha upande mmoja, tunahamia huko. Ningefungiwa kwenye eneo langu peke yangu, kiangazi kimoja kingenimaliza. Lakini kupe nao ni wa wote. Naogesha wangu, jirani haogeshi, jioni wanarudi na kupe masikioni. Kwa hiyo kinga ya kumfaa mtu wa malisho ya pamoja ni ile anayotembea nayo ng'ombe mwenyewe.

Mtaalamu anakuja na chanjo ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, maana ndani ya chanjo kuna vimelea hai vya ugonjwa huohuo. Anapima kifua cha ndama kwa utepe kukadiria uzito, anachoma chanjo chini ya ngozi karibu na sikio, kisha hapohapo sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya kuvidhibiti vimelea hivyo. Ni mara moja tu. Baadhi ya ndama hupata homa na tezi kuvimba siku kadhaa baadaye, kwa hiyo wangu nawaacha olopololi, malisho yaliyotengwa kwa ndama, karibu na boma niwaone asubuhi na jioni. Aliyechanjwa anavalishwa hereni, na mnadani wanunuzi wanatazama masikio kabla ya kuuliza bei.

Kero: mrija mmoja una dozi 40, na ukishafunguliwa lazima uishe siku hiyohiyo. Mwenye ndama sita hawezi kuita mtaalamu peke yake. Sisi tunakusanyika maboma kadhaa, na wakati mwingine mmoja anachelewesha wote kwa sababu hajauza mbuzi wa kulipia. Bei inauma kweli kwa mwenye ndama wengi.

Tena msiache josho. Chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi na maji moyo, na penye nyati wengi inaweza kushindwa.

Watoto wa kaka yangu walioko Arusha wananiuliza kwa nini sinunui kiwanja nikapumzika. Ada ya sekondari ya binti yangu imetoka kwa madume wenye hereni. Mama yangu anakunywa maziwa ya ng'ombe niliyemchanja akiwa ndama. Kiwanja kingenipa nini cha namna hiyo?

Wenzangu wa Kiteto na Monduli, anzeni kuhesabu ndama na majirani sasa, mfikishe 40 kabla ya masika.