Gobore la fundi Mjerumani: nililetewa likiwa limeshindiliwa

Kwetu Urambo mjomba alikuwa na gobore, kwa hiyo nilipoiona bunduki hii ndefu ya fataki (kile kikofia kidogo kinachopigwa na nyundo na kuwasha baruti) mnadani hapa Pennsylvania nilijiona mjuzi. Nikatoa dola 1,450. Cheti kilisema fundi wake alizaliwa Württemberg akahamia Marekani miaka ya 1840, na kwamba mtutu ni "mtupu, umekaguliwa". Kibali sikuhitaji, maana sheria ya shirikisho ya 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa kitu cha kale, ingawa majimbo mengine yana masharti yao.

Kazi ya fundi sina neno nayo. Mtutu una pande nane, urefu inchi 42, na tundu lake hata kidole changu cha mwisho hakiingii. Wajerumani walikuja huku na bunduki fupi za kuwindia, zenye tundu pana. Mafundi wa Pennsylvania wakarefusha mtutu na kubana tundu ili risasi na baruti zisiwaishie wawindaji porini. Hii ilizaliwa ya fataki, si gumegume, yaani ya kuwasha kwa jiwe la cheche, iliyogeuzwa: kwenye bamba la mtambo hakuna matundu ya skrubu yaliyozibwa baada ya vifaa vya jiwe kung'olewa. Kitako ni cha meipo, mti mgumu wa huku, na ukikigeuza juani milia yake inacheza kama mgongo wa paka. Vifyatulio ni viwili. Unavuta cha nyuma, kinalia tik, halafu cha mbele unakigusa tu na nyundo inashuka. Nilikichezea hivyo jioni nzima sebuleni, watoto wakinitazama.

Asubuhi ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mjomba alilifanya kila aliposhika bunduki ya mtu. Nikaingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ukagota, nikaushika kwa dole gumba pale mdomoni mwa mtutu, nikautoa na kuulaza kwa nje. Ulikomea vidole viwili kabla ya kufika penye fataki: ndani mlikuwa na kitu, bunduki imeshindiliwa. Nikaketi sakafuni. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi, hata miaka mia ipite.

Fundi wa silaha aliilowesha baruti kwanza, kisha akaing'oa risasi kwa skrubu iliyofungwa kwenye ncha ya mdeki. Ilitoka na kitambaa chake, kina mistari ya samawati bado, na nyuma yake punje za baruti kama mbegu za mchicha. Alinitoza dola 60. Wauza mnada walijibu kwamba wao walimulika kwa tochi! Hela ya fundi waliirudisha baada ya wiki tatu, bila hata kuomba radhi.

Bunduki naipa nyota tano, muuzaji moja. Kuipiga siwezi, kwani masizi ya fataki yamekula chuma pembeni mwa mtambo, kwa hiyo inaning'inia ukutani. Risasi ipo kwenye bakuli la funguo, mlangoni.